VS, CRP, albumini au elektroforesi: uchague nini boni ikiwa ndefu na makuta mafupi

Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alifika dirishani kwetu kwenye labo na boni, ile karatasi ya vipimo vya kulipia, iliyokunjwa mara nne, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Muganga alikuwa ameandika: VS (kasi ya chembe nyekundu kuzama), CRP (proteini ya ini inayopanda mwili ukiwa vitani), proteini jumla, albumini, elektroforesi ya proteini (kuzitenga kwa umeme). Nyuma yake alisimama mtoto wa miaka sita, macho yamevimba kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na ilikuwa karibu saa sita mchana. Mama akahesabu noti zake, akazihesabu tena, halafu akaniuliza: "Docta, ndani ya hii yote, niko na makuta ya vipimo viwili tu. Nilipie vipimo gani?"

Mimi si docta, ni mtu wa labo. Lakini hapa Bukavu kila aliyevaa koti jeupe ni docta, nimeacha kubishana.

Swali la mama huyo naulizwa pia na wauguzi wa vituo vya afya vya Kadutu na Bagira, na wanafunzi wa maabara ambao wamekariri majina ya proteini zote lakini hawajawahi kuchagua moja kwa ajili ya mtu mwenye mfuko mwepesi. Nimeviweka vipimo hivi ubavu kwa ubavu kwa ajili yao. Kitu kimoja tu kabla hatujaendelea: ukikata kipimo kwenye boni, mwambie aliyeiandika. Huenda ana sababu ambayo hakuiandika.

Maswali matano kabla ya kulipa

Damu ikitulia kwenye tyubu, chembe zinakwenda chini na juu kunabaki majimaji ya njano kama mafuta ya alizeti. Hiyo ni plasma. Ukiiacha damu igande kwanza, majimaji yanayobaki yanaitwa seramu. Ndani ya lita moja ya seramu ya mtu mzima mwenye afya kuna gramu 60 hadi 80 za proteini. Zaidi ya nusu ni albumini, gramu 35 hadi 50. Zinazobaki tunaziita globulini: humo mna kingamwili, mna wabebaji wa chuma na mafuta, mna zile zinazopanda mwili ukiingia vitani. Fibrinojeni, ile ya kugandisha damu, ni gramu 2 hadi 4 tu kwa lita, na inakuwa kwenye plasma, si kwenye seramu. Ushikilie huo utofauti mdogo, utatusumbua mbele. Karibu zote zinatengenezwa na ini, isipokuwa kingamwili, ambazo ni kazi ya chembe za kinga.

Kila kipimo nitakiuliza maswali yaleyale. Kinajibu swali gani la mgonjwa? Proteini inayohusika inakwenda kwa mwendo gani, inapanda na kushuka kwa saa, kwa siku au kwa wiki? Kinahitaji nini? Kinadanganywa na nini? Na kinamfaa nani? La pili ndilo watu wanalisahau, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Bei siandiki kwa sababu inabadilika, ila kwa kawaida VS iko chini kabisa na elektroforesi iko juu kabisa.

VS

Swali lake. Je, kuna inflamesheni mwilini, yaani mwili uko vitani na kitu? VS haipimi proteini moja kwa moja. Inatazama chembe nyekundu zinavyozama kwenye tyubu ya Westergren yenye alama za milimita 200, na baada ya saa moja unasoma zimeshuka kiasi gani. Fibrinojeni na kingamwili zikiongezeka, chembe zinaacha kusukumana, zinabandikana kama sahani zilizopangwa, na fungu zito linazama haraka. Biernacki wa Poland aliieleza mwaka 1897, Fåhræus wa Sweden akairudia mwaka 1918, na Westergren akaipa namna tunayoitumia tangu mwaka 1921. Mwanaume wa chini ya miaka 50 hatarajiwi kupita milimita 15 hivi, mwanamke 20, na umri ukienda namba nayo inapanda bila ugonjwa wowote.

Mwendo wake. Wa kobe. Inapanda kwa siku na kushuka kwa wiki. Mgonjwa anaweza kuwa amepona nimonia, anakula vizuri, anacheka, na VS yake bado iko 60.

Mahitaji. Sitrati ya kuzuia damu isigande, rafu iliyosimama wima, saa ya ukutani. Umeme ukikatika, VS haijui. Ndiyo maana bado inaishi kwenye vituo vya milimani ambako mashine nyingine zimefunikwa na kitambaa.

Kinachoidanganya. Vitu vingi mno. Upungufu wa damu unaipandisha. Mimba inaipandisha. Selimundu inaishusha, kwa sababu chembe zilizopinda kama mundu hazipangiki, na huku kwetu watoto wa SS, yaani wenye selimundu, si wachache: VS ya 4 kwa mtoto wa SS mwenye homa isikupe usingizi. Tyubu ikiinama kidogo tu, chembe zinateleza ukutani na namba inaruka.

Halafu kuna mtetemo. Kwenye labo niliyofanyia kazi zamani, wiki nzima kila mtu alikuwa na VS ya juu, hata kijana aliyekuja kupimwa kwa ajili ya kuanza kazi. Tukalaumu sitrati, tukamlaumu stajiere mpya, mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi. Ijumaa mmoja wetu akaweka kikombe cha chai karibu na rafu, tukaona chai inachora miduara. Sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi, ilikuwa imehamishiwa kwenye meza ileile. Majibu ya wiki ile tuliyarudia yote, na stajiere tulimuomba msamaha.

Inamfaa: anayefuatiliwa kwa ugonjwa wa muda mrefu, kama kifua kikuu cha mifupa au maumivu ya viungo, na kituo kisicho na umeme wa kuaminika. VS inayopita 100 isiachwe kwenye droo: nyuma yake mara nyingi kuna maambukizi makubwa, kifua kikuu, au saratani kama mieloma, ile ya chembe zinazotengeneza kingamwili.

CRP

Swali lake. Je, mwili uko vitani leo? Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, kwenye hospitali ya Rockefeller, ndani ya seramu ya wagonjwa wa nimonia: ilikuwa inashikana na kitu fulani cha ukuta wa kijidudu cha nimonia, kitu walichokiita C. Jina limetoka hapo.

Mwendo wake. Hapa ndipo inapoiacha VS mbali. Ini linaanza kuimwaga ndani ya saa 6 hadi 8, inafika kileleni karibu saa 48, na vita ikiisha inapungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo CRP ya jana na ya leo zinaongea. Ikitoka 180 kwenda 90, dawa inafanya kazi. Ikibaki 180 siku ya tatu, ama dawa si yake, ama kuna usaha mahali.

Mahitaji. Kuna ya mashine, inayotoa namba kamili kwa miligramu kwa lita (kawaida ni chini ya 5 au 10, kulingana na labo). Na kuna ya lateksi, ambayo ndiyo vituo vyetu vingi vinayo: tone la seramu, tone la maziwa ya lateksi, kwenye kibao cheusi. Unachanganya kwa kijiti, unakizungusha kibao polepole kwa dakika 2, unainamisha kwenye mwanga. Maziwa yakibaki laini, hasi. Yakikatika kama maziwa yaliyoganda, chanya, yaani imepita miligramu 6 hivi. Baada ya hapo unapunguza seramu kwa maji ya chumvi mara 2, mara 4, mara 8 ili kukadiria kiasi.

Kinachoidanganya. Ukisoma baada ya dakika 2, tone linaanza kukauka pembeni na kila kitu kinaonekana chanya. Hilo ni kosa la kuchelewa kwetu. La pili ni baya zaidi: CRP ikiwa nyingi kupita kiasi, inazijaza punje za lateksi kila moja peke yake, hazishikani, na kibao kinaonekana hasi kwa mgonjwa aliye mahututi kuliko wote. Dawa yake ni moja: ukiona mgonjwa anatetemeka kwa homa na kibao kinasema hasi, punguza seramu, urudie.

Ini lililochoka haliwezi kuitengeneza vizuri. Kwenye lupusi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, mara nyingi inabaki chini huku VS iko juu. Na haisemi jina la kijidudu. Malaria inaipandisha, bakteria wanaipandisha, upasuaji unaipandisha. Ikipita 100 tunafikiria bakteria kwanza, lakini kwetu hapa hilo halimwondolei mtu kipimo cha malaria. Nimeona boni yenye CRP bila kipimo cha malaria kwa mtoto mwenye homa. Hiyo ni kununua mchuzi bila bugali.

Inamfaa: mwenye homa ya siku chache, aliyepasuliwa, aliyelazwa na anayefuatiliwa kila siku. Mtoto mchanga pia, ila ya kwanza ikiwa ya kawaida irudiwe baada ya siku moja, kwa sababu saa za mwanzo inaweza kuwa haijapanda.

Proteini jumla na albumini

Naviweka pamoja kwa sababu kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Swali lake. Je, mwili unatengeneza proteini, unazitunza, au unazipoteza? Albumini ndiyo inayoshika maji yasitoroke kwenye mishipa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kama robo tatu, ni yake. Ikishuka chini ya 25 hivi, miguu inavimba, maji yanajaa tumboni. Inabeba pia kalisi (kalsiamu), bilirubini na dawa nyingi. Proteini jumla ukitoa albumini unapata globulini, na hesabu hiyo ya bure kabisa inasema mengi. Jumla 95, albumini 28: globulini ni 67. Hapo hakuna haja ya kusubiri, kuna kitu kinatengeneza kingamwili kupita kiasi.

Mwendo wake. Albumini inachukua wiki tatu hivi mwilini kupungua nusu. Ungedhani basi inashuka polepole. Kwa mtu anayekosa chakula, ndiyo. Lakini kwenye maambukizi makali inashuka ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu mishipa inavuja na ini linahamia kwenye CRP na wenzake. Kwa hiyo albumini ya 24 kwa mgonjwa wa sepsisi haimaanishi hajala. Kosa hilo ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye mafaili.

Hapa kwetu jambo hilo lina historia. Lwiro, kule Kabare, watafiti walipima albumini za watoto wa bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba, kwa miaka mingi, na ilisaidia kuonyesha nani yuko kwenye hatari zaidi. Lakini kumtambua mtoto wa bwaki leo hakuhitaji labo: utepe wa mkono unaoonyesha chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, au kidole gumba kinachoacha shimo kwenye miguu yote miwili. Mama asiuze kuku kulipia albumini kuthibitisha kitu ambacho kidole gumba kimeshakisema.

Mahitaji. Seramu, fotometa (mashine ya kusoma rangi), reaktifu mbili. Ya proteini jumla ni shaba kwenye maji ya alkali, inageuka zambarau. Ya albumini ni rangi inayogeuka kijani.

Kinachoidanganya. Kufunga mkono kwa mpira muda mrefu kunapandisha. Aliyesimama au kutembea ana proteini nyingi kwa karibu asilimia 10 kuliko akiwa amelala, kwa hiyo usishangae albumini "ikishuka" mgonjwa akilazwa. Kuhara na kutapika kunapandisha kwa uongo, kwa sababu maji yamepungua. Reaktifu ya kijani inazidisha kidogo albumini ikiwa chini sana. Na vipimo vya ujazo! Labo moja inaandika 4,2, nyingine inaandika 42. Ni kitu kilekile: ya kwanza ni gramu kwa desilita, ya pili ni gramu kwa lita. Nimeona mtu analia kwa sababu ya nukta hiyo.

Inamfaa: anayevimba, mwenye ugonjwa wa ini au figo, mwenye vidonda visivyopona, anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa, na kila aliyepimwa kalisi (kwa kila gramu ya albumini chini ya 40, unaongeza 0,02 mmol/l kwenye kalisi kabla ya kuisoma). Mwenye maji tumboni anafaidika zaidi akipimwa albumini ya damu na ya maji yale siku moja. Toa ya maji kwenye ya damu: tofauti ikifika 11 g/l au kupita, fikiria msukumo mkubwa wa mishipa ya ini, ikiwa chini ya 11, kifua kikuu cha tumbo au saratani vinapanda kwenye orodha. Vipimo viwili vya kawaida, na vinaamua njia mbili tofauti za matibabu.

Elektroforesi

Swali lake. Kati ya proteini zote, ni kundi gani limebadilika? Tiselius wa Uppsala alionyesha mwaka 1937 kwamba proteini za seramu zikipitishiwa umeme zinajitenga kwa makundi, akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1948. Kwenye karatasi ya majibu unaona albumini kama kilele kirefu upande mmoja, halafu alfa 1, alfa 2, beta, na gama mwishoni, ambako kingamwili zinakaa.

Umbo la gama ndilo tunalolilipia. Ikiwa kilima kipana, kingamwili za kila aina zimeongezeka: virusi vya ukimwi, kifua kikuu, homa ya ini ya muda mrefu, malaria za kurudiarudia. Huku kwetu kilima hicho ni cha kila siku. Ikiwa mnara mwembamba uliochongoka, familia moja ya chembe inatengeneza kingamwili ya aina moja tu, na hapo mieloma inaingia kwenye mazungumzo. Beta na gama zikiungana bila bonde katikati, fikiria ini lililokakamaa. Albumini imeanguka na alfa 2 imepanda, ni figo zinazovuja.

Mwendo wake. Hauna maana kubwa hapa. Ni picha ya hali iliyojengeka kwa wiki au miezi. Usiiombe kwa homa ya jana.

Mahitaji. Mashine ambayo labo nyingi za mtaani hazina, na mtu anayejua kusoma. Mara nyingi sampuli inasafiri, kwa hiyo hesabu siku. Seramu iliyotengwa vizuri inavumilia siku kadhaa kwenye friji.

Kinachoidanganya. Ukituma plasma badala ya seramu, fibrinojeni inasimama kati ya beta na gama kama mnara mdogo, na mtu mzima anaambiwa huenda ana saratani kwa sababu ya kifuniko cha tyubu kisicho sahihi. Damu iliyopasuka chembe inaleta mstari wa uongo pia. Na kuna mieloma zinazotengeneza vipande vidogo tu vya kingamwili, ambavyo vinapita kwenye mkojo na kuacha seramu ikionekana karibu ya kawaida; bandeleti ya mkojo, ule utepe wa kuchovya, nayo haivioni vizuri, kwa sababu inatafuta albumini.

Inamfaa: mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, damu pungufu na VS kubwa, yeyote ambaye globulini zake zimepanda bila maelezo. Haimfai anayetafuta jibu la leo.

Prealbumini na haptoglobini, proteini nyingine mbili za damu, nimeziacha makusudi. Ni nzuri, lakini sijawahi kuona mtu amekwama kati yake na VS.

Kwa hali yako

Homa ya siku mbili, tatu: kipimo cha malaria kwanza, halafu CRP. VS haina cha kukuambia bado.

Uko kwenye dawa za kifua kikuu cha mgongo na unataka kujua kama mwezi huu ni bora kuliko uliopita: VS inatosha, mradi iwe labo ileile kila mara. Ukiwa mjamzito, iache kabisa, itapanda tu. Na mjamzito anayevimba asianze na albumini ya damu. Apimwe presha na proteini kwenye mkojo leo hii, si kesho.

Mtoto wa SS: CRP, si VS.

Una maji tumboni: albumini mbili, ya damu na ya maji. Macho ya njano yakiongezeka juu yake, muganga ataongeza vyake.

Mgongo unauma miezi, umri umepita 50, unachoka ukipanda kilima cha Nyawera: anza na proteini jumla, albumini na VS. Globulini zikipanda, au VS ikipita 100, hapo lipia elektroforesi, na uliza kuhusu kipimo cha mkojo kinachokwenda nayo. Hata namba zikiwa za kawaida na maumivu yakabaki, rudi kwa muganga, usirudi kwangu.

Una makuta ya elektroforesi lakini huna swali: yatunze.

Na yule mama wa sambaza? Nilimpigia muganga simu. Majirani walikuwa wameshamwambia ni bwaki, na albumini ingeshuka kwa bwaki na kwa figo vilevile, kwa hiyo peke yake isingetutenganishia kitu. Lakini uso unaovimba asubuhi kuliko miguu ulinipeleka kwenye figo. Muganga akakubali tubadilishe: bandeleti ya mkojo na albumini. Mtoto akaenda na kikopo, akarudi nacho kimejaa mpaka mdomoni, povu juu kama la sabuni. Bandeleti ilipata misalaba mitatu (+++) ya proteini kabla sijamaliza kuhesabu sekunde. Albumini ikatoka 16.

Mama akaniambia kwamba wiki mbili hizo alikuwa anauza nusu ya sambaza, nusu nyingine anampikia mtoto. Muganga aliwapeleka hospitali siku ileile.